Nintendo: Karata, Katriji na Watu Waliobaki Kazini

Watoto waliokulia Buruburu, Umoja, Dandora na Kariobangi, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, katika miaka ya 1990 walimjua Mario kabla ya kuijua kampuni iliyomzaa. Walimkuta ndani ya kile walichokiita TV game: mashine ya plastiki kutoka Mashariki ya Mbali, yenye pedi mbili, bunduki ya kuwindia bata kwenye skrini, na katriji iliyojigamba kubeba gemu 999. Ukizichunguza vizuri uligundua ni gemu chache tu zilizobadilishwa majina na kurudiwarudiwa. Jina la Nintendo halikuwa kwenye boksi wala kwenye mashine. TV game ilikuwa nakala isiyo na kibali ya Famicom, mashine iliyotoka Kyoto, Japani, tarehe 15 Julai 1983, na kampuni iliyoibuni haikuona hata ndururu ya pesa zilizolipwa na wazazi wa Eastlands.

Mwezi wa Septemba 2025 Mario alitimiza miaka 40 tangu Super Mario Bros. itolewe. Mwezi huohuo Nintendo ilitimiza miaka 136, ikiwa imezindua mashine mpya, Switch 2, iliyouzwa zaidi ya milioni 3.5 katika siku nne za kwanza. Anayesikia habari hizo leo anaweza kudhani kwamba nyumba hii imekuwa juu siku zote. Sivyo. Katika miaka mitatu ya fedha iliyofungwa 2012, 2013 na 2014 ilipata hasara ya uendeshaji mfululizo, na wachambuzi wa masoko ya hisa wakaishauri iache kutengeneza mashine na ihamishie gemu zake kwenye simu za kampuni nyingine. Ilikuwa imekwisha kuanguka mara moja kabla ya hapo. Namna ilivyoinuka inastahili kuandikwa na sisi pia, tulioifahamu kupitia nakala, kwa sababu naamini iliokolewa na wafanyakazi iliokataa kuwafukuza, na aina ya mchezo ambao mitaa yetu imeuenzi daima: watu wawili, watatu, wanne, wamebanana mbele ya skrini moja.

Fusajiro Yamauchi alifungua karakana yake Kyoto tarehe 23 Septemba 1889. Kazi ilikuwa kutengeneza hanafuda, karata ndogo zenye michoro ya maua ya miezi kumi na miwili, kwa mkono, juu ya karatasi ya magome ya mforosadi. Wacheza kamari walizipenda, na walitaka pakiti mpya kila walipoketi, hivyo karakana haikukosa kazi. Kitukuu wake, Hiroshi Yamauchi, alirithi uongozi mwaka 1949 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, baada ya kuacha masomo katika Chuo Kikuu cha Waseda. Alikuwa mtu mkali ambaye hakucheza gemu, na alitawala kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1953 alianza kutengeneza karata za plastiki. Mwaka 1959 alipata ruhusa ya kuzichapisha zikiwa na picha za Disney, na karata zikatoka kwa wacheza kamari zikaingia mikononi mwa watoto na mama zao. Soko lilipojaa akajaribu biashara ya teksi, akajaribu wali wa kupikwa kwa dakika chache. Hakuna kilichodumu.

Aliyeibadilisha kampuni aliingia kwa mlango wa nyuma. Gunpei Yokoi aliajiriwa mwaka 1965, akiwa mhitimu wa masuala ya umeme, ili atunze mitambo ya kutengenezea karata. Kazi haikuwa nyingi. Kwa kujipumbaza alijitengenezea mkono wenye mikunjo, unaojinyoosha na kushika kitu kilicho mbali. Yamauchi alipita karakanani akauona. Badala ya kumkaripia, alimwambia aufanye bidhaa. Ultra Hand ilitoka mwaka 1966 na ikauzwa zaidi ya milioni moja. Fundi wa mitambo akawa mbunifu wa vitu vya kuchezea.

Yokoi alikuwa na kanuni moja aliyoishi nayo mpaka mwisho. Usikimbilie kifaa kipya kabisa ambacho bado ni ghali na hakijaeleweka. Chukua kilichozoeleka, kilichoshuka bei, ambacho udhaifu wake unajulikana, kisha ukipe kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni za Kijapani zilikuwa zikishindana kuuza vikokotoo vidogo vya mfukoni, na skrini zake zikawa rahisi mno. Inasimuliwa kwamba Yokoi alimwona abiria kwenye treni akibonyezabonyeza kikokotoo chake ili kuua muda, na hapo likamjia wazo la Game & Watch, gemu ya mfukoni yenye saa ndani yake. Zilitoka kuanzia 1980 na zikauzwa zaidi ya milioni 43. Katika mojawapo, ile ya Donkey Kong ya mwaka 1982, aliweka kimsalaba cha kubonyeza kwa kidole gumba, na tangu siku hiyo karibu kila pedi duniani imekibeba, pamoja na zile za TV game zetu.

Mtu aliyewahi kupita Kamukunji, Nairobi, akaona mafundi wa jua kali wakigonga pipa la mafuta lililokwisha kazi hadi likawa jiko, sanduku la shule au karai la mahamri, haelezwi mara mbili kanuni ya Yokoi. Bati ni lilelile la jana. Kilicho kipya ni matumizi.

Mwaka 1981 shehena ya mashine za gemu iitwayo Radar Scope ilikuwa imelala ghalani Marekani bila wanunuzi. Yamauchi alimpa kazi ya kuiokoa kijana mchoraji, Shigeru Miyamoto, aliyekuwa ameajiriwa mwaka 1977 na hajawahi kutunga gemu. Miyamoto alitunga Donkey Kong: sokwe, msichana, na seremala mfupi mwenye masharubu anayeruka mapipa. Mashine zile zilibadilishwa matumbo na kuuzwa. Seremala akapewa jina la Mario Segale, mwenye jengo ambalo tawi la Marekani lililipanga kuwa ghala. Miaka miwili baadaye ikaja Famicom ya mhandisi Masayuki Uemura, ikiwa na pedi mbili zilizounganishwa kwa waya kwenye mashine yenyewe, kana kwamba hakuna aliyefikiri mtu angecheza peke yake. Mwaka huohuo soko la gemu Marekani liliporomoka kwa wingi wa gemu mbovu. Famicom ilipofika huko mwaka 1985 kwa jina la NES, ndiyo iliyolifufua. Iliuzwa karibu milioni 62 duniani, idadi isiyohesabu nakala hata moja ya zile zilizofika Nairobi.

Game Boy ya Yokoi ilifuata mwaka 1989. Skrini yake ilikuwa ya kijanikijani, bila rangi, wakati washindani Sega na Atari walikuwa na skrini za rangi zinazong'aa. Lakini mashine za washindani zilikula betri sita kwa saa chache. Game Boy ilitosheka na nne kwa siku kadhaa. Aliyelelewa katika nyumba ambamo betri za redio zilianikwa juani ili zipate uhai kidogo anajua kwa nini ile ya kijani ilishinda. Pamoja na ndugu yake wa rangi aliyekuja baadaye, iliuzwa zaidi ya milioni 118. Gemu iliyoipaisha ilikuwa Tetris, iliyotungwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Zile brick game ambazo wachuuzi walitembeza mitaani kwetu, na ambazo walimu walizinyakua darasani, zilikuwa uigaji wa Tetris hiyohiyo. Kwa mara ya pili Eastlands ilicheza jambo lililopata umaarufu mikononi mwa Nintendo bila Nintendo kujua kwamba tupo.

Kisha ikaja kiburi. Kampuni ilikuwa imepatana na Sony kutengeneza kifaa cha kuchezesha CD kwa ajili ya mashine yake ya Super Famicom. Mwaka 1991, katika maonyesho ya Chicago, Sony ilitangaza ushirikiano huo, na kesho yake Nintendo ikatangaza kwamba itafanya kazi na Philips. Ken Kutaragi, mhandisi wa Sony aliyekuwa ameusimamia mradi, hakuuacha ufe. Desemba 1994 PlayStation ikatoka. Nintendo nayo ikang'ang'ania katriji katika Nintendo 64 ya mwaka 1996, kwa kuwa katriji husoma haraka na ni ngumu kunakili. Lakini katriji ilikuwa ghali kutengeneza na haikubeba data nyingi kama CD. Square, watunzi wa Final Fantasy waliokuwa nguzo ya nyumba hiyo, walihamia Sony, na Final Fantasy VII ikatoka kwenye PlayStation mwaka 1997. Yokoi naye, baada ya Virtual Boy yake ya mwaka 1995 kushindwa vibaya, aliondoka mwaka 1996. Mwaka uliofuata aligongwa na gari barabarani akafariki.

Matokeo ya uamuzi ule wa katriji yalionekana wazi zaidi kwetu kuliko katika taarifa yoyote ya hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulizuka Eastlands yote mabanda ya PS: chumba cha mabati au kioski kando ya barabara, televisheni mbili tatu za kichogo, mabenchi, pazia mlangoni kuzuia jua, na mwenye banda akishika daftari. Ulilipa ashu (shilingi kumi) au mbao (shilingi ishirini) kwa mechi moja, na mara nyingi aliyefungwa ndiye aliyelipa na kuachia pedi. Gemu ilikuwa ya mpira: Winning Eleven na baadaye PES za Konami, halafu FIFA. PS2 nyingi zilikuwa zimefunguliwa na fundi na kuwekewa chipu ili zisome diski za kunakili, na diski za namna hiyo hazikuwa na bei ya kumtisha mtu. Huwezi kuendesha banda Kayole kwa katriji ya dola hamsini, sitini. Kile kilichoiua Nintendo 64 Tokyo na New York, yaani bei ya kitu kinachobeba gemu, ndicho kilichoifungia mlango Umoja na Huruma.

Nataka nikae kidogo na mabanda hayo, kwa sababu yamesemwa vibaya kuliko yalivyostahili. Ni kweli vijana walitoroka shule kwa ajili yake, na polisi waliyavamia mara kwa mara. Lakini mtaa wa Eastlands ulijengwa kwa ajili ya watu kukutana. Kaloleni ya miaka ya 1940 ina nyumba zilizozunguka nyasi, na ukumbi wake wa kijamii ulikuwa mahali pa wafanyakazi Waafrika kujadili mambo yao wakati jiji liliwabana. Ukumbi ukichakaa, na uwanja ukinyakuliwa na kujengwa, vijana hutafuta chumba kingine. Ndani ya banda mtoto wa darasa la sita alikaa bega kwa bega na utingo wa matatu na kumfunga mabao matatu, na hakuna aliyemuuliza baba yake ni nani. Stima zilipopotea, wote walitoka nje wakaendelea kubishana juu ya mechi ile ile. Kilichouzwa pale kilikuwa dakika kumi za kuwa pamoja.

Kyoto walichelewa kulikumbuka jambo hilo. GameCube ya mwaka 2001 iliuzwa milioni 21.7 tu, huku PS2 ikielekea kupita milioni 150. Ndipo Mei 2002 Yamauchi alipong'atuka na kumkabidhi usukani mtu wa kwanza asiye wa ukoo wake: Satoru Iwata.

Iwata alizaliwa Sapporo mwaka 1959 na alikuwa mwanaprogramu hasa, wa kuandika msimbo kwa vidole vyake. Mwaka 1993 alikabidhiwa HAL Laboratory, kampuni ndogo ya gemu iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika, na Yamauchi ndiye aliyeweka sharti kwamba hatatoa msaada asipopewa Iwata uongozi. Iwata aliketi na kila mfanyakazi, mmoja mmoja, akawasikiliza, kisha akalilipa deni la kampuni kwa miaka kadhaa. Katika miaka hiyo, gemu ya Mother 2 ilipokwama, aliwaambia watunzi wake kwamba kuirekebisha ilivyo kungechukua miaka miwili, na kuianza upya kungechukua nusu mwaka. Walichagua kuanza upya na ikakamilika. Nadhani hakuna kisa kinachomweleza vizuri zaidi. Aliijua kazi kwa undani kiasi cha kujua lini ukarabati ni kupoteza muda, na alikuwa na subira ya kuwaeleza watu badala ya kuwaamrisha.

Akiwa rais wa Nintendo hakutaka kushindana na Sony na Microsoft kwa nguvu ya mitambo. Alirudi kwa Yokoi. Nintendo DS ya mwaka 2004 ilikuwa na skrini mbili, moja ikiguswa kwa kalamu, na iliwavuta wazee waliotaka mazoezi ya akili na wasichana waliotaka kulea mbwa wa kwenye skrini. Iliuzwa zaidi ya milioni 154. Wii ya mwaka 2006 ilikuwa dhaifu kuliko washindani wake, lakini pedi yake ilipungwa hewani kama raketi, na nyanya aliweza kumshinda mjukuu katika tenisi. Iliuzwa zaidi ya milioni 101. Mwaka wa fedha uliofungwa Machi 2009 faida ya uendeshaji ilifika takriban yeni bilioni 555. Kwetu Wii haikuingia kwa wingi. Banda lilikuwa dogo mno kwa watu kurusha mikono, na PS2 zilikuwa zimekwisha kulipiwa.

Anguko la pili lilitokea mfukoni. Mapema mwaka 2011 Safaricom ilianza kuuza Kenya simu ya Ideos ya Huawei kwa takriban shilingi 8,000, na kijana wa Eastlands akapata kifaa kimoja kinachopiga simu, kinachotuma pesa, kinachoingia intaneti na kinachocheza gemu. Mwaka huohuo Nintendo ilizindua 3DS kwa dola 250. Haikuuzika ilivyotarajiwa, na miezi michache tu baadaye, Agosti, kampuni ikaishusha bei hadi dola 170. Iwata aliomba radhi kwa walioinunua mapema, akakata nusu ya mshahara wake, na mwaka wa fedha uliofungwa Machi 2012 ukawa wa hasara.

Wii U, iliyotoka Novemba 2012, ikazidisha maumivu. Jina lake liliwafanya wengi wadhani ni kipande cha kuongezea kwenye Wii ya zamani. Pedi yake ilikuwa na skrini kubwa katikati, lakini ukiibeba ukatoka chumbani picha ilikatika. Januari 2014 kampuni ilipunguza matarajio yake ya mauzo ya mwaka kutoka mashine milioni 9 hadi milioni 2.8. Maisha yake yote Wii U iliuzwa milioni 13.56. Na Hiroshi Yamauchi hakuwepo tena. Alikuwa amefariki Septemba 2013 akiwa na miaka 85.

Hapa ndipo mahali ambapo makampuni mengi huwageukia wafanyakazi wao. Hasara inapotangazwa, barua za kuachishwa kazi hufuata, bei ya hisa hupanda kidogo, na mkurugenzi husifiwa kwa kuchukua hatua ngumu. Iwata aliulizwa kuhusu jambo hilo katika mkutano wa wenyehisa mwaka 2013. Alijibu kwamba kufukuza watu kungependezesha hesabu za muda mfupi, lakini mfanyakazi anayeishi kwa hofu ya kufukuzwa hawezi kutunga gemu ya kuugusa moyo wa mtu. Mwaka 2014 alikata tena mshahara wake kwa nusu, miezi mitano, na Miyamoto akakubali kukatwa asilimia 30. Mzigo uliwekwa mabegani mwa waliofanya uamuzi. Sisi tuliokulia Makongeni na Muthurwa, tuliowaona wazee wa reli wakirudi na barua mkononi baada ya miongo kazini kwa makosa yasiyo yao, tunajua thamani ya kiongozi anayeanza na mfuko wake.

Nyuma ya pazia kazi ilikuwa ikiendelea. Mwaka 2013 kampuni iliziunganisha idara mbili ambazo kwa miaka mingi zilifanya kazi kila moja peke yake: ile ya mashine za mkononi na ile ya mashine za sebuleni. Wahandisi waliokuwa wamejifunza kubana matumizi ya betri kwenye DS na 3DS wakaketi meza moja na wale waliotengeneza mashine za sebuleni. Lau wangekuwa wamefukuzwa kwa mamia, meza hiyo ingekuwa na viti vitupu, na elimu iliyokusanywa tangu zama za Game Boy ingekuwa imetawanyika. Iwata alikuwa tayari mgonjwa. Uvimbe kwenye mfereji wa nyongo ulitangazwa Juni 2014, akafanyiwa upasuaji, akarudi kazini amekonda. Machi 2015 alitangaza ushirikiano na DeNA wa kupeleka gemu kwenye simu, na papo hapo akasema kuna mashine mpya inakuja, ili asiwepo wa kudhani kwamba Nintendo imesalimu amri. Alifariki tarehe 11 Julai 2015, akiwa na miaka 55.

Mashine aliyoiacha ilitoka tarehe 3 Machi 2017 chini ya uongozi wa Tatsumi Kimishima, aliyemrithi. Switch huchezwa mkononi, au huchomekwa kwenye televisheni, na kila ubavu wake una pedi ndogo inayochomoka. Ukikutana na rafiki mnagawana, moja kwako na moja kwake. Chipu yake kuu ilikuwa Tegra X1 ya Nvidia, iliyokuwa imekwisha kutumika sokoni tangu 2015. Haikuwa chipu yenye nguvu kuliko zote wakati ule. Ilikuwa inayojulikana na yenye bei nafuu, na ikapewa kazi mpya, jinsi Yokoi alivyofanya na skrini za vikokotoo.

Siku hiyohiyo ilitoka The Legend of Zelda: Breath of the Wild, iliyoongozwa na Hidemaro Fujibayashi chini ya Eiji Aonuma, dunia pana ambamo mchezaji huachwa aende atakako. Lakini kwangu mimi ushahidi mkubwa zaidi ni wa gemu ya magari. Mario Kart 8 ilitolewa kwenye Wii U mwaka 2014 ikauzwa nakala milioni 8 na nusu hivi. Aprili 2017 ilirudishwa kwenye Switch na nyongeza kidogo, na ikapita nakala milioni 60. Njia ni zilezile, magari ni yaleyale, watunzi ni walewale. Watu wale hawakuwa wameishiwa kipaji mwaka 2014. Walikuwa wamewekwa kwenye mashine isiyofaa, na kampuni ambayo ingewafukuza ingejihesabu imetoa uozo kumbe imetupa mbegu.

Kabla mwaka 2017 haujaisha Switch ilikuwa imeipita Wii U kwa mauzo. Machi 2020, dunia ilipojifungia kwa korona, ilitoka Animal Crossing: New Horizons, ya kuishi kisiwani na kuwatembelea majirani, na watu waliokatazwa kutembeleana wakaenda kutembeleana humo. Mwaka wa fedha uliofuata faida ya uendeshaji ilifika yeni bilioni 640, juu ya kilele cha enzi za Wii. Switch imepita milioni 150. Filamu ya Mario ya mwaka 2023 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani.

Haikuwa safi kila mahali, na historia ya ukumbusho isiyotaja dosari haiwatendei haki wanaokumbukwa. Vijiti vya pedi za Switch vilikuwa na ugonjwa wa kusogea vyenyewe bila kuguswa. Malalamiko yakawa kesi, na mwaka 2020 rais wa sasa, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi. Kampuni pia imekuwa kali mno dhidi ya wanakili. Mwaka 2024 watengenezaji wa Yuzu, programu ya kuchezea gemu za Switch kwenye kompyuta, walikubali kuilipa dola milioni 2.4. Ina haki. Mtunzi lazima ale jasho lake. Ila mimi, niliyemjua Mario kwa nakala, siwezi kuandika kana kwamba nakala hazikutupa chochote. Bila TV game mtaa mzima usingeujua muziki wa Koji Kondo, na watoto wengi wasingewahi kushika kile kimsalaba cha Yokoi.

Furukawa amekuwa rais tangu 2018, na ameendelea na desturi ya Iwata. Mapema mwaka 2023 alitangaza kupunguza matarajio ya faida ya mwaka, na wakati huohuo akatangaza nyongeza ya asilimia 10 ya mishahara ya msingi. Super Mario Bros. ilipotimiza miaka 40, Miyamoto aliyeitunga, Takashi Tezuka aliyebuni pamoja naye, na Kondo aliyeipa muziki, wote watatu walikuwa bado ndani ya Nintendo. Katika biashara ambayo watu huajiriwa kwa gemu moja na kuachwa ikishatoka, hilo ni jambo la ajabu, na ni la kusherehekewa kuliko faida yoyote.

Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, ilipita milioni 10 kabla ya mwisho wa Septemba. Bei yake Marekani ilipozinduliwa ilikuwa dola 450, karibu shilingi 58,000, kabla ya nauli na ushuru. Mario Kart World iliuzwa mwaka huo hadi dola 80, zaidi ya shilingi 10,000, fedha zilizopita kodi ya mwezi ya chumba kimoja katika ploti nyingi za Kayole. Hakuna mwenye banda atakayepiga hesabu hiyo ikakubali. Nintendo iliyoshinda dunia kwa betri nne na skrini ya kijani inao ujuzi wa kutengeneza mashine ambayo mzazi wa Dandora anaweza kuinunua dukani ikiwa halisi, ikiwa na jina lake kwenye boksi na pedi mbili ndani, na walioajiriwa kufikiria mambo ya namna hiyo wapo kazini.